Sura ya Tano: Jiko Lisilo na Benchi

Inspekta Noela alilipita jiko hilo mara mbili bila kuliona, hasira zikampanda. Konstebo Nkwabi ndiye aliyekuwa na maelekezo: nyuma ya karasha la pili, mlango wa bati wa bluu, hakuna kibao. Haya, nyuma ya karasha la pili kulikuwa na milango mitatu ya bati, yote ya bluu, na karasha lenyewe lilikuwa likisaga mawe kwa makelele ya kumfanya mtu asahau hata alichokuja kukitafuta. Nyarugusu siku hiyo haikutulia hata kidogo. Watu walisimama vikundi vikundi kwenye vibaraza vya maduka, na kila kikundi kilipomwona askari kilinyamaza mpaka apite.

“Hoteli gani haina kibao?” Noela aliuliza.

“Siyo hoteli, afande. Ni jiko tu. Unapiga simu, boda anakuletea. Hakuna anayekaa pale kula.”

“Na mtu akitaka kumwona anayempikia?”

Nkwabi alifikiri kidogo, akasema hajawahi kusikia mtu aliyetaka.

Shida yote ilikuwa hapo, na Noela aliiona tangu alipokabidhiwa kesi ile asubuhi. Alhamisi mchana, wachimbaji sita wa duara la Bujiku, shimo lililoko mlimani juu ya senta, walikula chakula kilicholetwa na bodaboda, wakalala hapo hapo walipokaa. Watano waliamkia kwenye vitanda vya kituo cha afya. Wa sita, kijana Pantaleo, hakuamka tena. Maboksi yao yalikuwa na stika ya Pilau la Mwambao, na watu walipoifuatilia ile namba ya simu hawakukuta mama yeyote wa mwambao. Walimkuta Juliana, Mama Limi, Msukuma wa Mwadui, ambaye bahari anaijua kwa kuiona kwenye televisheni. Jioni ile ile wakamfuata na petroli. Aliyekuwa mbele yao ni Bujiku mwenyewe, msimamizi wa duara na mjomba wa marehemu, analia mpaka anapaliwa. Polisi waliwahi, lakini kidogo tu wangekuta majivu.

Tangu hapo Juliana alikuwa mahabusu na maneno yake yalikuwa yale yale: nilipika, nikafunga, nikapeleka. Mkuu wa kituo alishachoka naye. Watu walikuwa wamejazana getini wakimtaka mpishi wao, na gari la kumpeleka Geita na kesi ya mauaji lilikuwa njiani. Likifika, alisema mkuu, mama huyu anapanda. Mpaka hapo Noela alikuwa huru kuzunguka anakotaka.

Mlango wa tatu ndio ulikuwa wenyewe. Ndani kulikuwa na majiko ya mkaa, meza ya kukatia, na sufuria moja kubwa ya mchuzi iliyosuguliwa ikang'aa. Hakukuwa na benchi, kiti wala hata kigoda. Noela alizunguka chumba kizima akifungua kila kilichokuwa na mfuniko. Alinusa, akapapasa, akainama chini ya meza na taa ya simu yake. Usafi wake ulimuudhi, kwa sababu alitarajia uchafu na angejua la kufanya nao.

Kisha aliinua macho akaona simu. Zilikuwa tatu, zimening'inizwa kwenye misumari ukutani, na chini ya kila moja kulikuwa na mkunjo wa stika. Wa kwanza ulikuwa wa Pilau la Mwambao. Wa pili, Kienyeji kwa Bibi. Wa tatu, Ugali wa Nguvu.

Nkwabi aliutazama huo wa tatu, akausogelea, akaugusa kwa kidole kana kwamba ungeweza kuwa wa mtu mwingine.

“Afande, hii Ugali wa Nguvu ndiyo tunayokula sisi kituoni.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka jana. Mimi nimewahi kugombana na mtu hapa. Nilimwambia mchuzi wa Ugali wa Nguvu ni moto wa kuotea mbali, ule wa Pilau la Mwambao hauufikii hata robo.”

Noela aliiangalia ile sufuria moja ya mchuzi, akamwangalia Nkwabi. Angeweza kucheka siku nyingine. Alimuuliza kama kituoni walikula Alhamisi. Nkwabi akasema walikula, ugali na mchuzi wa nyama. Na wa duara walikula nini? Pilau na mchuzi wa nyama. Na mkuu wa kituo je, alikula?

“Aliongezewa, afande.”

Walirudi kituoni karibu wakikimbia.

Juliana aliletwa kwenye chumba cha mahojiano amejifunga khanga kiunoni, macho yamemvimba. Alikuwa mwanamke mpana wa mikono, mwenye alama za kuungua na mafuta mpaka kwenye viwiko. Aliamkia vizuri, akakaa, akaanza wimbo wake: nilipika, nikafunga. Noela akamkatiza. Alimuuliza mchuzi wa Alhamisi ulitoka kwenye sufuria ngapi.

Noela alienda mpaka dirishani ambako kelele za getini zilisikika vizuri, akarudi.

“Mama Limi, kituo kizima hiki kilikula mchuzi wako Alhamisi na hakuna hata aliyepiga chafya. Kwa nini hukusema?”

“Kwa sababu nikisema hivyo, nimekwisha.”

Akaeleza, na alipoanza hakusimama. Alikuwa na mgahawa zamani, wenye mabenchi na jina moja. Wafanyabiashara wa mjini walikuwa wakija, wakimsikia Kisukuma chake wanauliza kama kuna mwingine anayepika pilau. Wachimbaji nao walitaka ugali uliosongwa na Msukuma, lakini wakiona pilau mezani wanasema huyu mama amejifanya mtu wa pwani. Wale wa kwenye mitambo walitaka kuku wa kienyeji kutoka kwa bibi fulani wa kijijini. Hakuna aliyekubali kwamba mtu mmoja anaweza yote, ingawa wote walikuwa wanakula chakula hicho hicho na kulamba vidole. Nyama yenyewe ilikuwa ya bucha lile lile la senta, ya mchinjaji yule yule wanayemwamini wote. Basi akayauza mabenchi, akanunua simu. Kwenye simu akawa yule wanayemtaka. Limi, bintiye, alikuwa anasoma kwa majina hayo matatu.

“Andika lolote utakalo, afande,” alisema. “Hilo la sufuria moja usiliandike.”

“Unataka kunyongwa kwa ajili ya stika?”

“Nikitoka hapa bila jiko, nitaanzia wapi?”

Noela alikasirika, na alikasirika zaidi kwa sababu alimwelewa. Alimpelekea neno mkuu wa kituo, kwa sababu ndiyo kazi yake, na mkuu aliposikia kwamba alikula sufuria moja na marehemu alishika tumbo kwanza ndipo akafikiri. Lakini hakuwa mjinga. Sufuria safi, alisema, haifanyi boksi kuwa safi. Yaliyotiwa sumu ni maboksi ya duara la Bujiku peke yake. Basi aliyetia ni ama aliyeyafunga, ama aliyeyabeba. Akaagiza aletwe mwendesha bodaboda.

Muhidini alikuwa na kitambi cha mtu anayekula kazini, na kweli alikuwa anakula kazini. Hapa inabidi mtu aelewe namna chakula kinavyopokelewa machimboni. Kwa Wasukuma, anayekuleteeni kinywaji au chakula huanza yeye, anywe au ale mbele yenu, ndipo na ninyi mnyooshe mkono. Ni adabu, na ni tahadhari. Majiko ya simu yalipoingia, wachimbaji wakakosa wa kuanza, maana mpishi haonekani. Wakamgeukia boda. Boda akifika na chakula, walaji wanamchagulia boksi moja, lolote, yeye analifungua, anakula kijiko kimoja, anameza wakimwona, kisha wanagawana. Kila boda wa Nyarugusu anatembea na kijiko chake kwenye mfuko wa shati. Mwenye kukataa kuonja hana wateja.

Noela alimuuliza kama Alhamisi alionja. Muhidini akasema alionja, kama kawaida. Alisema haraka mno.

“Walikuchagulia boksi lipi?”

“La juu.”

“Nani alichagua?”

Muhidini alifuta jasho puani. Noela aliyekuwa amesimama nyuma yake akazunguka meza akakaa mbele yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Pantaleo amekufa, Muhidini. Ukinidanganya mimi, unamlaza Mama Limi jela badala ya mtu mwingine.”

“Sikuonja,” alisema. “Nilikuwa nimefunga.”

Jumatatu na Alhamisi alikuwa anafunga, sunna, tangu mwaka juzi. Alimwambia Bujiku mapema kabisa, wakapatana. Siku hizo Bujiku humsubiri chini ya mlima, anayapokea maboksi, anaonja moja yeye mwenyewe kwa niaba ya boda, anapanda nayo na kuwaambia vijana kwamba boda ameshaonja kule chini. Vijana walikula kwa neno la msimamizi wao. Hakuna aliyeumia na siri haikuwa na uzito, mpaka Alhamisi ile. Sasa Muhidini angesema nini? Kwamba siku pekee ambayo watu walilishwa sumu, ndiyo siku ambayo yeye hakutia kitu mdomoni? Wangemchoma moto na pikipiki yake.

Nkwabi alitumwa kijiweni kuhakikisha. Alirudi upesi. Bodaboda wenzake walimcheka walipoulizwa, wakasema Alhamisi kijiko cha Muhidini hulala kwa mwenzao Nuruddin, ili mwenyewe asije akasahau akaonja kwa mazoea. Nuruddin alikitoa mfukoni akamwonyesha; tangu siku ile mwenyewe hajakifuata.

Mkuu wa kituo alipiga meza. “Si ndiyo hiyo! Hakuonja kwa sababu alijua kuna sumu.”

“Alijua tangu mwaka juzi, afande?”

Mkuu alimtazama Noela kwa jicho baya. Nje gari la Geita lilikuwa limefika, na watu walipoliona wakaanza kupiga kelele upya. Noela aliomba jambo moja: gari lipitie kituo cha afya, kisha mlimani, Juliana akiwamo na Muhidini akifuata kwa pikipiki. Mkuu alifikiri. Alichoka, na alitaka getini pawe peupe. Akasema sawa, lakini Noela akishuka kutoka mlimani bila mtu mwingine, mama huyu anapitiliza Geita moja kwa moja.

Kituo cha afya walimkuta Sostenes, mmoja wa wale watano, ameketi kitandani, amevaa viatu tayari, anabishana na muuguzi kwamba amepona. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wa duarani, mtu wa maneno machache, na Noela alimpenda mara moja kwa sababu hiyo. Aliulizwa tumbo lilimuuma vipi. Akasema tumbo halikumuuma hata kidogo. Usingizi ulimshika kijiko kikiwa mdomoni. Muuguzi akathibitisha: hakuna aliyetapika wala kuharisha, wote walikuja wamelala, na daktari tangu siku ya kwanza alisema hizi zinaonekana ni dawa za usingizi, ila hakuna askari aliyemuuliza.

Noela alimeza hasira zake dhidi ya askari wenzake. Akauliza chakula kilifikaje.

Sostenes akasema Bujiku alikuja nacho, akawaambia boda ana haraka, ameshaonja. Yeye aliona kitu, akakidharau kwa njaa. Siku nyingine za namna hiyo boksi moja ndilo huwa limefunguliwa. Siku ile yalikuwa yamefunguliwa yote saba, sita ya wachimbaji na moja la msimamizi, na kila moja lilikuwa na shimo la kijiko katikati ya wali.

“Yote saba?”

“Yote, afande. Nilimwambia Pantaleo, leo boda ameshiba.”

Noela alianza kutembea kati ya vitanda. Mwonjaji hana kazi na boksi la pili. Aliyefungua yote hakuwa anaonja, alikuwa anatia kitu na kukoroga, halafu akaona afadhali alama ya kijiko ionekane kila mahali kuliko kuacha wali uliovurugwa usio na sababu. Alisimama akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu Alhamisi: mlikuwa na nini pale juu ambacho mtu angetaka mlale?

Sostenes alimtazama Juliana aliyekuwa mlangoni na Nkwabi, akapunguza sauti.

“Duara lilikuwa limetema.”

Jumatano walifika kwenye mwamba wenye dhahabu ya kuonekana kwa macho. Walijaza viroba vya mawe, wakavirundika kwenye kibanda chao, wakakesha wakivilinda kwa zamu, hakuna aliyemwamini mwenzake hata kwenda chooni. Walikubaliana wasimwambie mtu mpaka wasage. Sasa viroba viko wapi? Sostenes akasema anadhani Bujiku amevihifadhi. Alisema hivyo akasikia mwenyewe alichokisema, akateremka kitandani.

Gari lilipanda mlima likiwa na watu waliobanana, Sostenes akiwamo. Juliana alikaa katikati. Huko juu habari zilikuwa zimetangulia, na wachimbaji wa maduara ya jirani walikuwa wamekusanyika na vumbi lao jeupe mwilini. Bujiku alikuwa amekaa chini ya turubai, amejifunga kitambaa cheusi mkononi. Alisimama alipomwona Juliana.

“Mmemleta aombe radhi?”

“Mwadila, mzee Bujiku,” Noela alimsalimu kwa Kisukuma. “Pole kwa msiba. Nina maswali machache, halafu nakuacha.”

Aliyauliza kwa upole uliomshangaza Nkwabi. Bujiku naye alijibu vizuri. Alikula kidogo tu siku ile, kizunguzungu kikampata, ndiyo sababu alibaki na nguvu za kuita watu. Boda alionja? Alionja, kwa macho yangu haya. Kule chini ya mlima? Ndiyo. Boksi lipi?

“Yote,” Bujiku alisema. “Kijiko kimoja kila boksi. Watu wote hapa waliona maboksi yamefunguliwa.”

“Alimeza?”

“Alimeza, akashushia na maji yangu.”

Muhidini alikuwa nyuma ya gari na pikipiki yake. Noela hakumwita. Aliwageukia wale wachimbaji, akauliza kama kuna Mwislamu kati yao anayeswali na Muhidini. Wawili watatu wakainua mikono. Alhamisi mchana, aliwauliza, Muhidini hunywa maji? Walitazamana, mmoja akasema haiwezekani. Mnong'ono ukapita kwenye umati ule.

Bujiku hakutetereka. Alisema basi amechanganya siku, ana msiba, mtu mwenye msiba huchanganya. Lakini sumu ilitoka jikoni, kwa mwanamke huyu anayejiita wa mwambao na siye. Mtu anayedanganya jina atashindwaje kudanganya chakula? Watu wakaitikia. Hilo liliwaingia. Mmoja akaokota jiwe, Nkwabi akasogea mbele ya Juliana.

Noela alikuwa na jibu, na lilikuwa moja tu, na hakuwa na haki ya kulisema bila mwenyewe. Alimtazama Juliana.

Juliana alitoka nyuma ya Nkwabi. Sauti ilimtetemeka mwanzoni.

“Ni kweli sitoki mwambao. Pilau la Mwambao ni mimi. Ugali wa Nguvu ni mimi. Kienyeji kwa Bibi ni mimi pia, na bibi mwenyewe hayupo. Mchuzi ni sufuria moja. Alhamisi mliokula kwangu hapa mko wangapi?”

Kisha mikono ikaanza kupanda, ya huyu, ya yule, mpaka ya watu wa karasha la jirani. Kila aliyeinua alimtazama mwenzake kwa mshangao, maana walikuwa wamebishana muda mrefu ni jiko gani zuri. Kuna aliyecheka. Kuna mzee mmoja wa kanzu aliyetema mate chini, akageuka akaondoka, na wengine kadhaa wakamfuata. Juliana aliwaona wakienda.

“Kituo cha polisi nacho kilikula,” Noela aliongeza. “Sufuria haikuwa na kitu, mzee Bujiku. Kilichokuwa na kitu ni maboksi, na yalipita mikononi mwako. Umesema nawe ulikula. Boksi gani?”

“La mwisho. Msimamizi huchukua la mwisho, kila mtu anajua.”

“Ulilila lote?”

“Nusu.”

“Si kweli,” alisema Sostenes.

Alikuwa ameegemea gari, na hakupandisha sauti. Akasema Bujiku aliliweka boksi lake juu ya jiwe, akasema atakula baadaye, akateremka. Wao wakaanza kula. Sasa kwenye maboksi ya Mama Limi mna mchezo, kila mchimbaji anaujua: katika kila oda ya kundi, boksi moja limefichwa kipande kikubwa cha nyama chini ya wali, na atakayekipata, wanasema, mwamba utamchekea siku hiyo. Siku ile kila mmoja alichimba wali wake mpaka chini. Hakuna aliyekipata. Kwa hiyo kilikuwa kwenye la msimamizi.

“Pantaleo akasema mjomba hatakasirika,” Sostenes alisema. “Alilimaliza lote, juu ya lake. Nilimwona kabla sijalala.”

Noela hakulijua hilo. Aliliona likimfika Bujiku. Msimamizi yule alilitazama lile jiwe ambalo boksi liliwekwa juu yake, akakaa kwenye vumbi.

“Nilikuta boksi tupu,” alisema. “Nikadhani ni mbwa.”

Nkwabi alimsogelea.

“Nilipima dawa ya mtu mmoja mmoja. Walale tu, waamke. Sikujua nitabaki na boksi lipi, nikatia yote. Nilipima vizuri.” Akaanza kujipiga kifuani kwa ngumi. “Mtoto wa dada yangu. Kwa nini asiniulize?”

Viroba vilikuwa kwenye shimo lililoachwa, upande wa pili wa mlima, vimefunikwa kwa majani. Alilionyesha mwenyewe kwa kidole bila kuulizwa. Nkwabi alimfunga pingu, na wale waliokuwa wameokota mawe kwa ajili ya Juliana sasa hawakujua wayafanyie nini. Noela alisimama katikati mpaka Bujiku alipoingizwa kwenye gari la Geita na mlango ukafungwa. Hilo ndilo lililomwogopesha siku nzima, kwamba angepoteza mtu mbele ya macho yake.

Walishuka kwa gari la pili lililoletwa kutoka kituoni, Noela, Juliana na Nkwabi aliyeshika usukani. Noela alimwambia Juliana yuko huru, hakuna kesi, leo analala kwake. Alitegemea kilio au shukrani. Juliana alikuwa akitazama mikono yake. Simu mojawapo, iliyokuwa imechukuliwa kama kielelezo, ililia kwenye kiti cha mbele. Nkwabi alipoiweka hewani mwanamume alitukana, akasema asimwone mtu yeyote akimletea pilau tena, akakata.

“Utaanza upya,” Noela alisema. “Wako waliocheka. Hao watarudi.”

“Ile nyama nilikuwa naichagua mwenyewe.”

“Mama Limi.”

“Naichagua kabla ya kufunga boksi lolote. Natafuta sufuriani kipande kizuri kuliko vyote, naficha, halafu nachanganya maboksi hata mimi nisijue liko wapi. Nilikuwa napenda kumfikiria atakayekipata.”

Noela alimwambia aliyeua ni Bujiku. Alimwambia kisheria, kisha akamwambia kama mwanamke kwa mwanamke, kwamba mtu akiweka kitu kizuri kwenye chakula hawezi kulaumiwa kwa ubaya wa mwingine. Juliana aliitikia kila neno, ndiyo afande, ndiyo afande.

“Najua sikumuua,” alisema. “Lakini alikuwa anakitafuta kipande hicho.”

Nkwabi alisimamisha gari nyuma ya karasha, akazima injini. Aliyekuwa akisaga alikuwa ameshafunga kazi. Alishuka, akafungua mlango wa upande wa Juliana, akasubiri ameushika. Juliana hakushuka. Noela, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametulia mahali pamoja, alivua kofia yake, akaiweka mapajani, akakaa naye.